Mtani, Baridi Imefika, Mtutu Bado

Mtani wangu Gaudensi,

Dale amenipigia tena leo asubuhi. Unamjua fundi bunduki yule, hana haraka na mtu. Aliniuliza habari za mke wangu, akanieleza habari za barafu ya ziwani kwake, ndipo akasema Ijumaa anapeleka oda ya mitutu kiwandani, na nikichelewa itabidi kusubiri mpaka kiangazi. Kondoo wa Marlys, yule mfugaji tunayemwindia, watakuwa wameshazaa kabla ya hapo, na koyoti, wale mbwa mwitu wadogo wa bonde lile, wanaijua kalenda ya kondoo kuliko mimi na wewe. Kwa hiyo nina mpaka Ijumaa. Leo ni Jumanne. Bunduki yako imelala juu ya meza ya gereji yangu hapa Oakdale, na mimi sijui niiagizie mtutu gani.

Sikai, mtani. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Naingia gerejini, nafungua bolti ya bunduki, naifunga, narudi jikoni, namimina chai, naiacha ipoe. Nimeanzisha vitabu viwili tangu Krismasi na vyote nimevilaza kifudifudi kwenye kochi. Juzi niliendesha gari mpaka Burnsville bila shughuli yoyote, nikapita mbele ya nyumba yako, nikageuzia kwenye maegesho ya kanisa, nikarudi. Barabara nzima nilikuwa nabishana na wewe. Nilipofika nyumbani koo lilikuwa limenikauka.

Kwanza nikueleze ilivyofika kwangu, maana siku ile wewe ulikuwa umelala mbele ya watu wote na hukuona chochote, ingawa shughuli ilikuwa yako.

Nilifanya kazi yangu. Usije ukasema huko uliko kwamba Mngoni alikuacha ukaenda kimya kama mtu asiye na watani. Padre alipomaliza, kabla gari halijaanza kwenda kaburini, nilivaa kofia yako ya machungwa, ile ya kuwindia ambayo mkeo, mama Agnes, alikuwa anaitafutia sababu ya kuitupa, nikashika mnyororo wa mbwa nilioununua asubuhi ile, nikasimama mbele ya gari la maiti. Nikatembea kama wewe, mguu wa kulia ukichelewa nyuma. Nikasema kwa ile sauti yako ya puani, "Kumi na nne inatosha! Inatosha kabisa!" Nikawatangazia waombolezaji kwamba Mhehe hasafiri bila kitoweo, kwa hiyo nimemletea mnyororo, mbwa atajikamatia mwenyewe huko anakokwenda.

Ungewaona. Wale manesi wa Kikenya uliofanya nao kazi maabara ya hospitali walishika midomo. Kijana wa kampuni ya mazishi alinitazama, akamtazama padre, akatazama saa. Agnes wako alisimama wima na shada mkononi, uso mtupu. Lakini mama Agnes, ambaye tangu ulipofariki hakuwa amelia wala kula, alikaa chini pale pale kwenye majani makavu akacheka mpaka kilemba kikamtoka, na kicheko kikamgeuka, na machozi tuliyokuwa tunahofia hayatatoka yakatoka. Wanawake wakamzunguka. Mimi nikaendelea, kwa sababu kazi ikianza haikatizwi. Nikasema, "Haondoki mtu hapa mpaka nilipwe. Nataka bunduki yake."

Na mama Agnes, akiwa chini, akajibu kama alivyopaswa kujibu: "Chukua, mla panya wewe! Chukua utupishe tumzike mwenzetu!"

Kwetu ingeishia hapo. Mtani anadai, mtani anapewa, na baada ya matanga wenye mali wanakuja na kuku kukikomboa kitu chao, watu wanatukanana, wanakula, kitu kinarudi nyumbani. Mimi na mama Agnes tulilijua hilo bila kukonyezana. Ila mama Agnes alipanda ndege kwenda Iringa kumalizia matanga kwa ndugu zako, na aliyebaki na funguo za nyumba ni Agnes. Mtoto aliyezaliwa Saint Paul angelijulia wapi?

Alikuja jioni moja, theluji ya kwanza ikianguka, akateremsha bunduki kwenye gari ikiwa ndani ya mfuko wake. Akaniambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba amehakikisha haina risasi ndani, ameangalia na kurudia kuangalia, na kwamba anaheshimu mila. Kisha akatia Kiswahili kidogo, kwa ajili yangu: "Mama alisema ni yako, anko. Baba angefurahi."

Ningemwambia nini? Unaijua kanuni kuliko mimi. Mtani hamwambii mtu njoo ukomboe. Akishasema hivyo imekuwa dai la dukani, utani umekwisha. Nilipokea. Nikamshukuru. Akapiga honi alipokuwa anaondoka, na mimi nikabaki nimesimama gerejini na mali ya mfu mkononi, kwa sababu ya mzaha ambao wenye kuuelewa walikuwa wawili tu, mmoja yuko Iringa.

Hayo ndiyo yanayonikosesha utulivu. Mtutu umekwisha; wewe mwenyewe ulikuwa unasema koo lake, pale risasi inapoanzia safari, limeungua, na kabla hujaugua ulishamwambia Dale kwamba utaubadilisha. Hukumwambia auweke upi. Ulisema, "Subiri kwanza nimalizane na Mngoni." Sasa bunduki iko kwangu na uamuzi uko kwangu. Nikiagiza mtutu wa mzunguko wa nane, nitakuwa nimekushinda ubishi kwa kukupokonya silaha. Nikiagiza kumi na nne, nitakuwa nimekutii kwa kufanya jambo ninaloamini si sahihi, na anayeumia ni Marlys na wanakondoo wake.

Mwaka mzima tulibishania namba hizo mbili. Mke wangu alifikiri tunazungumzia mchezo wa bahati nasibu. Ulikuwa unanipigia simu asubuhi kabla sijavaa miwani, husalimii, unasema tu, "Nimefikiria tena. Kumi na nne." Nami nakata simu. Baada ya kifungua kinywa nakupigia: "Nane." Unakata. Wazee wawili, mmoja mstaafu wa maabara, mwingine mstaafu wa ofisi ya madaraja ya jimbo, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tunajuliana hali.

Sasa hakuna anayenikatia simu.

Nilijaribu utani kwingine, nikiri. Kwenye mkutano wa Watanzania mwezi uliopita kulikuwa na kijana Mhehe, mhandisi wa kompyuta, kaka wa watu, mpole. Nikamwona anajisogezea nyama, nikamwambia kwa sauti, "Hiyo ya mbuzi, kijana. Ya kwenu ilikuwa inabweka nje, imekimbia." Akaweka sahani chini. Akasema kwa heshima kubwa, "Shikamoo mzee. Samahani, sijakuelewa." Watu wa meza ile wakaangalia sahani zao. Nilimweleza kuhusu Wangoni na Wahehe, vita vya mababu, utani uliotokana na vita, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mhadhara. Mtani, ukishauelezea utani kwa hoja tatu na hitimisho, umekwisha. Nilirudi nyumbani kabla ya chai.

Nimekatiza kidogo nikaenda kuchota theluji mlangoni. Haikuhitajika kuchotwa.

Nakumbuka mwezi wa tisa kwa Marlys. Mahindi ya jirani yake yalikuwa yamekauka yanapigana na upepo. Mwaka ule ndipo Marlys alipotuambia hataki tena madini ya risasi kwenye shamba lake, kwa sababu ya tai waliojenga kwenye miti ya mtoni: wanakula mizoga tunayoiacha, na vipande vile vinawatia sumu. Alisema kwa adabu, mikono mfukoni, kama anavyosema kila kitu. Basi tukanunua risasi zenye vichwa vya shaba tupu, vya uzito wa greni hamsini. Wewe ukatandaza blanketi lako kwenye meza ya kulengea, ukapachika karatasi kwenye ubao wa yadi mia, ukapiga mara tano, ukatembea mpaka kule na mguu wako unaochelewa, ukarudi umeishika karatasi kwa vidole viwili kama cheti cha ndoa. Matundu matano ya duara, yangefunikwa na kikombe cha chai. Kwa mtutu wako mkongwe wa kumi na nne.

"Unaona? Inatosha!"

Nikakuambia, "Subiri baridi."

"Baridi inahusu nini na chuma?"

"Haihusu chuma. Inahusu hewa. Subiri mwezi wa kwanza tuje hapa hapa, na risasi hizi hizi."

Ukacheka. Ukasema Mngoni anaogopa baridi kwa sababu panya wanaingia ardhini anakosa mboga. Nami nikakuambia wewe umeng'ang'ania bunduki kubwa hii ya .22-250 kwa sababu koyoti ana mkia kama mbwa, na Mhehe hawezi kuacha kitoweo kiende zake kwa ajili ya umbali. Mimi na .223 yangu ndogo, wewe na kimondo chako kinachoteketeza baruti na koo la mtutu. Marlys alitoka na chupa ya kahawa akatuuliza kama tunagombana. Ukamwambia tunasali.

Hukufika mwezi wa kwanza. Mwezi wa kumi hukuumaliza.

Agnes ndiye aliyeniomba twende. Alinipigia, akasema kwamba nyumba imekuwa kimya, na kitu anachokikosa si sauti yako, maana hiyo anayo kwenye simu. Ni ule mlio wa bolti jioni za Jumamosi ulipokuwa unaisafisha bunduki kwenye chumba cha chini. Akauliza kama anaweza kuisikia tena ikifanya kazi. Nikamwambia avae kila koti alilonalo.

Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha wa klabu, kwa sababu pale madini ya risasi yanaruhusiwa na nilitaka kupima vyote viwili. Ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri kwa kipimo cha kwetu, Selsiasi. Hewa ilikuwa imesimama, kope zinashikana. Nilikuwa nimelala na swali hilo tangu mwezi wa tisa, mtani.

Njiani nilikuwa nimemweleza Agnes. Ndani ya mtutu mna michirizi inayojipinda kama uzi wa skrubu. Kichwa cha risasi kikipita humo kinatoka kinazunguka, na mzunguko ndio unaokifanya kiende kimenyooka, pua mbele. Wa kumi na nne unakizungusha mara moja kwa kila inchi kumi na nne. Wa nane, mara moja kwa kila inchi nane, yaani upesi zaidi. Kichwa kifupi hakihitaji kuzungushwa sana. Kirefu kinahitaji, la sivyo kinayumba kikiwa hewani na kupinduka. Na shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo ukitaka greni zile zile hamsini lazima kichwa kiwe kirefu zaidi. Akauliza, "Na baridi?" Nikasema hewa ya baridi ni nzito, inakisukuma kichwa zaidi, na mzunguko uliokuwa unatosha kwa shida wakati wa joto hautoshi tena. Tulipofika getini akasema kwamba ni kama mgonjwa ambaye dawa inamtosha tu siku ambazo hana homa. Huyo ni mwanao kabisa.

Nikaanza na vile vyako vya zamani, vifupi, vyepesi, vyenye madini ya risasi. Mara tano. Tulikwenda kuangalia: matundu ya duara, yamekaa karibu karibu. Kwa hiyo usije ukasingizia uchakavu wa mtutu, nimekuziba mdomo mapema. Kisha shaba, kutoka kwenye boksi lile lile la mwezi wa tisa, boksi lenye alama ya kidole chako cha mafuta ya bunduki.

Ya kwanza tuliisikia imepiga ubao lakini kwa darubini sikuiona ilipo. Ya pili ilikuwa juu, mbali. Nikamaliza zote tano. Tukatembea kule, theluji inalia chini ya viatu. Agnes alifika kabla yangu. Akaweka kidole cha glavu kwenye karatasi, akasema, "Anko, hii imekuwaje?"

Tundu lilikuwa refu, kama tundu la kifungo kwenye koti. Kichwa kiliingia kwa ubavu. Na la pili hivyo hivyo. Moja tu kati ya matano lilikuwa la duara.

Nimeshinda, Gaudensi.

Hotuba nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeiandaa tangu siku ile ya kahawa ya Marlys, ina matusi ya mababu zako wote, inaanza na gobore la babu yako wa Kalenga ambalo halikuwa na michirizi wala mzunguko wowote, lililokuwa linawatisha nyani kwa moshi tu, na inaishia na wewe ukipiga magoti kwenye theluji unakiri kwamba Mngoni ni baba yako. Ningeisema yote. Nilifungua mdomo. Pale ubaoni tulikuwa mimi, na mtoto wako, na ile karatasi.

Kisha Agnes akauliza, "Kwa hiyo Baba alikosea?"

Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Hapana. Mwezi wa tisa alikuwa sahihi." Nilisema kwa ukali, kama mtu aliyetukaniwa ndugu yake. Nikamwambia babako alipima kwa hewa aliyokuwa nayo, na alipima vizuri, na karatasi yake ninayo nyumbani. Nikamwambia pia kuwa hofu yako ya mzunguko wa upesi haikuwa ya bure: vichwa vyepesi vya ganda jembamba, ukivirusha kwa nguvu ya .22-250 katika mtutu wa nane, vinaweza kusambaratika hewani kabla ya kufika, unaona moshi wa kijivu tu na karatasi ni nzima. Ulishawahi kuliona hilo kwenye bunduki ya mtu, na tangu hapo ukaogopa nane. Ni woga wa mtu aliyeona. Nikakutetea mpaka pua ikaganda.

Agnes aliibandua karatasi ubaoni. Akaikunja, akaitia ndani ya koti lake.

Tangu siku ile ndiyo nimezidi kuhangaika. Nilidhani nikishajua jibu nitatulia. Jibu ninalo. Nimegundua kuwa sikuwa nalitafuta jibu. Nilikuwa nasubiri uso wako.

Nimechoka. Nitaendelea kesho.

*

Ni Alhamisi. Barua hii nimeiacha tangu Jumanne, na jana sikuandika kitu kwa sababu jana nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa nimeamua kumpigia Dale nimwambie aache, asiagize chochote, nitaiweka bunduki kabatini kama ilivyo, na Marlys atafute watu wengine. Niliandika namba yake. Sikupiga.

Leo mchana nikasikia mlango wa gari unabamizwa nje, halafu kelele.

"Mngoni! We Mngoni! Mla panya, toka nje!"

Mtani, nilitafuta ndara. Maneno yalikuwa yako. Lafudhi haikuwa ya mtu yeyote aliyewahi kuishi Iringa.

Nikatoka. Agnes alikuwa amesimama kwenye njia ya gari akiwa bado na nguo zake za kazini za hospitali, koti halijafungwa, na mkononi ameshika kuku. Kuku wa dukani, wa barafu, ameganda kama tofali, bado yuko kwenye mfuko wake wa plastiki. Akamtupa miguuni kwangu. Yule kuku alitoa mlio wa jiwe na kuteleza mpaka kwenye gurudumu la gari la mke wangu.

"Kuku wako huyo. Nipe bunduki ya baba yangu! Na ufanye haraka, nina njaa, na mbwa wa jirani yako nimemwona hapo, amenona!"

Jirani alikuwa anachota theluji. Sijui alielewa nini. Alimwita mbwa wake ndani.

Nilikuja kuelewa baadaye. Agnes alimpigia mama yake, akamweleza habari za karatasi na matundu ya vifungo, na katika mazungumzo akamwambia kwamba anko Otmar anaangalia ile bunduki kama inamuuma, kwa nini alidai kitu kinachomuuma? Mama Agnes alipiga kelele iliyowaamsha dada zako. "Hujaenda kukomboa? Mpaka leo?" Shangazi zake wakanyang'anyana simu. Walimfundisha sentensi moja moja, wakimcheka, mpaka akazishika. Ile ya mbwa wa jirani aliitunga mwenyewe. Nimemuuliza, akaapa.

Nami nilijibu, usinionee huruma. Nilisimama kwenye theluji na ndara nikamtukana kama Mhehe anavyostahili kutukanwa. Nikamwambia kuku huyu amekonda, ni wazi Wahehe wamezoea kununua vya kubweka na hawajui kuchagua vya kuwika. Sauti ilinikatika katikati. Akaniachia nimalizie. Ana adabu ya utani, mtoto yule. Hakunishika mkono, hakuniambia pole. Alisubiri, halafu akasema, "Umemaliza, au panya amekukaba kooni?"

Tukaingia ndani. Nikaileta bunduki nikaiweka mbele yake juu ya meza ya jikoni, nikaitoa mikononi mwangu kabisa. Sasa ilikuwa mali yake na uamuzi ulikuwa wake. Nikamweleza pande zote mbili, nikianza na wa kwako. Nilikutetea vizuri kuliko ulivyowahi kujitetea, maana mimi sipigi kelele. Nikamwambia hata habari ya .223 yangu, iliyo tulivu, isiyoharibu mtutu upesi, rahisi kwa mtu anayeanza. Alisikiliza kama anavyosikiliza ripoti ya zamu. Akatoa ile karatasi ya matundu marefu kwenye koti, na mimi nikaenda kuleta ile yako ya mwezi wa tisa, akaziweka sambamba.

Akasema, "Risasi kubwa ya Baba ibaki. Sitaki ndogo. Mzunguko, wa nane. Shambani kwa Marlys tutapiga shaba tu, kwa hiyo hakuna cha kusambaratika."

Nikasema sawa. Nikachukua simu kumpigia Dale mbele yake. Akanizuia mkono.

"Huwa wanachonga namba kwenye mtutu, si ndiyo? Kuonyesha ni wa nane?"

Nikasema ndiyo, kwa kawaida.

"Mwambie asichonge."

Dale alishangaa. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika; mtu akija kuinunua siku moja atajuaje? Nikamwambia haitauzwa, na wanaohitaji kujua wanajua. Alicheka kidogo, akasema sawa, mtutu mtupu bila namba. Atauleta kabla kondoo hawajaanza kuzaa.

Kwa hiyo imekwisha hivyo, mtani. Mtu akiishika bunduki yako hataona popote palipoandikwa kwamba ulishindwa. Lakini mimi na wewe tunajua, na sasa na mwanao.

Leo chai nimeimaliza. Sijui kama ndiyo kutulia huko, maana nimeinuka mara tatu tangu nianze ukurasa huu. Nadhani wakati mwingine nitainuka hivyo mpaka nami niletewe mnyororo, na kinachonipa moyo ni kwamba sasa nina uhakika ni nani atakayesimama mbele ya gari langu na kofia ya machungwa, na nina hofu kubwa ya atakachosema.

Ninakuahidi hili. Theluji ikishayeyuka pale ulipo na ardhi ikalainika, nitakuja na Agnes. Nitakuletea karatasi mpya yenye matundu ya duara, iliyopigwa siku ya baridi kwa vichwa vya shaba, na nitaisoma ile hotuba yote, kuanzia gobore la babu yako, sitaruka hata mstari. Atakujibia yeye. Nimemsikia leo, sina hakika kama nitashinda.

Lala salama, mla mbwa. Kuku tumeshamweka jikoni, anayeyuka taratibu, na kesho tunamla. Hutabakishiwa hata shingo.

Mtani wako,
Otmar